Maganda Mazito ya Kwenda Dar

Juzi, kwenye kaunta ya vifurushi vya basi hapa Mwanza, mama mmoja aliongea na bintiye mtafiti aliyeko Dar, simu ikisikika mpaka nje.

"Mama, nitumie maganda ya vitunguu tu. Yana kemikali inaitwa flavonoidi, tunaanzia hapo kutafuta dawa."

"Sawa, mwanangu."

Simu ilipokatika, karani akanyanyua kiroba, akaguna. "Mama, maganda gani mazito hivi?"

"Vitunguu vizima hivyo. Nimtumie mwanangu maganda matupu, wenzake waseme kwao kuna njaa? Atamenya mwenyewe."

Akakipigapiga kiroba taratibu, kama anayebembeleza mtoto mgongoni.

Dawa ya maabara, nasikia, huchukua miaka. Ya mama iliondoka na basi la alfajiri.