Kengele ya Kikaangio

Jirani yangu, fundi viatu, hukata ndizi kama anavyokata ngozi: kwanza huweka alama kwa ukucha wa dole gumba, kisha kisu hupita mara moja tu. Huzinyunyizia mdalasini, huzipanga kwenye kikaangio cha hewa zisigusane, halafu hurudi kibarazani kwenye viatu vyake, misumari midomoni. Kikaangio kikilia ting, huitema misumari kiganjani na kuitikia kwa sauti, “Naam, bibie, naja!” Mwanzoni nilidhani ni mzaha. Kumbe mkewe, alipokuwa hoi hata sauti imemkauka, alikuwa akimwita kwa kengele ya baiskeli ambayo fundi aliifunga ubavuni mwa kitanda, na ndizi hizo laini ndizo pekee zilizokuwa zikimpita kooni. Huu ni mwaka wa pili tangu tumzike, na fundi bado huzipuliza moja moja zipoe kabla hajanikaribisha. Jana kiherehere kikanishika. “Mjomba, mbona kikaangio hiki kina kitufe cha kuzima kelele?” Akanidaka mkono kabla sijakibonyeza.

“Kiache,” akasema. “Ukikizima, nani ataniita?”