Petroli Ilipochemka Njia ya Kapolowe

Gari lile la michezo, la viti viwili, lilikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ulitosha kunitoa roho. Asubuhi, likiwa baridi, liliwaka ukigusa ufunguo tu. Likishapata moto ukalizima, basi, umelizika. Marehemu baba, fundi wa kiwanda huko Shituru, alilipata vipande vipande kwa mhandisi mzungu aliyerudi kwao, akaniachia likitembea, na ugonjwa wake ndani.

Nililitibu kwa kubahatisha. Nilibadilisha plagi, nikabadilisha koili, nikamsikiliza fundi mmoja wa mtaa wa Panda aliyeshikilia kwamba kabureta "iko noyé", yaani imezama kwa petroli. Uongo mtupu. Ilikuwa na kiu. Siku niliyofunga kichujio cha kioo ndipo nilipoona kwa macho yangu: mrija wa petroli unapita jirani na bomba la moshi, na gari likizimwa, petroli inachemka humo ndani kama maji ya ugali, inageuka mvuke. Pampu inanyonya hewa. Niliuviringishia mrija vitambaa, nikaubana kwa vibanio vya nguo vya mke wangu, nikachekwa na majirani bure. Ikabaki kanuni moja: kama hujafika, usizime.

Kanuni hiyo ndiyo niliyokuwa nayo siku mtawa muuguzi alipopiga simu kutoka misheni ya Kapolowe. Mama mkubwa, dada yake mama, hafiki jioni, na anamtaja mdogo wake. Hawakuwa wamesemezana tangu mazishi ya bibi, kwa maneno waliyotupiana mbele ya watu. Nilimwomba mama aongee naye kwa simu papo hapo. Akakataa.

"Pardon ya ku telefone haiko pardon," alisema, yaani msamaha wa kwenye simu si msamaha. "Miye nitamushika mukono."

Nyonga yake haiwezi pikipiki, na gari jingine hatukuwa nalo. Tukatoka Likasi mbio, mama akisali kwa sauti ya chini, mimi nikiisikiliza injini.

Hatujafika nusu ya njia, tukamwona mama wa mke wangu kando ya barabara, anatoka shambani na beseni la mihogo kichwani. Kwetu mama mkwe hasalimiwi ukiwa umekaa kitini, injini ikimngurumia usoni. Unazima, unashuka, unachuchumaa, unapiga makofi taratibu. Nilijua vizuri kitakachotupata. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye ufunguo, na mama hakunizuia. Alikuwa ameshafungua mlango wake.

"Batoto beko bazima?" aliuliza mama mkwe.

"Beko bazima, mama."

Akauliza nyumba, akauliza kazi, akauliza kikohozi cha mtoto wa mwisho. Ya mgonjwa hatukuyataja, maana yangeanzisha salamu upya. Alipokwenda zake nilirukia kiti.

Starta ikazunguka, ikazunguka, injini haikushika. Nikafungua boneti. Kichujio kilikuwa kikavu, mapovu mawili matatu tu yakicheza. Nikamwaga maji yetu yote ya kunywa kwenye kitambaa na kuifunika pampu. Nikajaribu tena, na betri nayo ikaanza kuchoka. Malori ya shaba yalipita, nikapunga mikono yote miwili katikati ya barabara, yakanipigia honi na kunikwepa. Nikalipiga teke gurudumu la baba yangu, nikalia. Sioni haya kusema.

Mama akatoa simu mwenyewe, akampigia mtawa.

"Ma sœur, wekea yaya telefone ku sikio."

Alisogea mpaka kwenye majani, akanigeuzia mgongo. Nilisikia tu akimwita dada yake mkubwa, "yaya, yaya", mengine yalimezwa na upepo. Nikajaribu ufunguo mara nyingine, bila tumaini. Injini ikakohoa, ikashika. Nikaikanyagia mafuta isife, nikiogopa kumwita, nikiogopa kungoja.

Mwishowe akaja, akakaa, akafunga mlango. Nikaingiza gia, nikaondoka kwa nguvu hadi matairi yakalia.

"Alikujibu?"

Akawa anaifuta simu kwa ncha ya kitenge.

"Ma sœur anasema alisikia. Anasema alifungula macho, kiisha akapumuzika."

Sikuondoa mguu kwenye mafuta. Akaniwekea mkono gotini.

"Enda mupole, mwana. Yaya hatungoji tena."