Onja Kwanza

Baba yangu ni Mwislamu wa swala tano, lakini siku aliyonileta mjini Kasongo kutafuta shule ya uuguzi, kitu kilichompendeza kuliko vyote kilikuwa geti la shule ya masista. Lilikuwa geti la chuma, rangi ya kijani, na nyuma yake alisimama sista mwenye funguo kiunoni. Tulikuwa tumetoka kwetu Kabambare kwa pikipiki, matope yametukaukia mpaka magotini, na baba alilitazama geti lile kama anayekagua mbuzi wa mahari.

"Hapa mutoto analala, anakula, anasoma, na mulango unafungwa," alisema. "Mimi nimemaliza."

Mimi sikuwa nimemaliza. Shule ya pili ilikuwa karibu na hospitali, haina bweni wala uzio, na kuku walikuwa wakipita kati ya madarasa. Wanafunzi wake walisoma asubuhi, mchana wakaingia wodini kwa staji, yaani mafunzo ya vitendo, na baada ya hapo kila mmoja alijitafutia riziki. Mmoja alishona nguo, mwingine aliuza samaki wa Nyangwe. Niliuliza swali moja tu, kama diploma ni ileile. Mwalimu akanijibu kwamba mtihani wa mwisho ni mmoja kwa shule zote mbili, na juri ya wakaguzi ni ileile.

Kwa masista ningelala vizuri, sikatai. Lakini bweni ni la kulipiwa, na nilijua baba angelilipia vipi: angeuza shamba la mpunga la bondeni, na wadogo zangu wangekaa nyumbani wakisubiri nimalize. Hilo sikulitaka. Nina kichwa kigumu. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa nimeshakataa. Nikamwambia baba palepale barabarani kwamba nitasoma kwenye shule isiyo na geti, na nitafanya kazi.

Baba hakupandisha sauti. "Basi umechagua, mama," alisema. "Ukishindwa, usirudi kuniambia njia ilikuwa mubaya."

Akapanda pikipiki akaenda zake. Tangu siku ile, kila baada ya mavuno, gunia la mchele lilinifikia juu ya pikipiki ya mtu mmoja wa kwetu, lakini salamu hazikuja. Gunia zima, kwa mtu mmoja. Niliona ni masimango: kula basi, wewe uliyekataa bweni. Nililipokea kwa hasira, nikalifungua kwa sababu njaa haina kiburi.

Kazi niliyoipata ilikuwa ya jikoni. Hospitali za kwetu hazimpikii mgonjwa. Kila mgonjwa huja na ndugu wa kumpikia, na nyuma ya wodi kuna uwanja wa mafiga ambako akina mama hugombania nafasi na kuazimana chumvi. Wapo wagonjwa ambao ndugu zao wamerudi shambani, na hao ndio walikuwa wangu. Nilipika wali na sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, siku nyingine samaki, nikawapelekea vitandani, na ndugu walinilipa waliporudi. Darasani niliingia nikinuka moshi. Wenzangu waliniita daktari wa sombe, nami niliwajibu kwamba njaa nayo ni ugonjwa. Mifupa ya mguu nilijifunza upya peke yangu, kwa kuwa mwalimu alipoifundisha mimi nilikuwa nimelala.

Mwaka wa mwisho nilipata mgonjwa aliyenichosha kuliko wote. Alikuwa bibi wa kutoka vijiji vya ng'ambo ya Kabambare, mwenye kidonda kikubwa mguuni. Mwanawe alimwacha akarudi kuvuna. Huko kwao walikuwa wamemwonya kwamba mjini watu hutiliana sumu. Siku ya kwanza nilipomwekea sahani, aliisukuma ikarudi kwangu.

"Onja kwanza," alisema.

Kwetu si jambo la ajabu. Mwenye kukaribisha huonja ili mgeni ale kwa amani. Lakini kila siku, mbele ya wodi nzima? Nilinuna, nikaonja. Kesho yake tena, onja. Mwishowe alianza kujikokota na fimbo yake mpaka uwanjani kunitazama ninavyopika, na bado sahani ikifika, onja.

Siku ya mtihani wa vitendo, wakaguzi walitoka Kindu, makao makuu ya jimbo. Kila mwanafunzi aliokota kikaratasi chenye namba ya kitanda, na mimi nikaokota kitanda cha bibi. Wenzangu walisema nina bahati, kwa sababu tunajuana. Mimi niliona shida, kwa sababu hiyohiyo.

Kidonda nilikisafisha vizuri. Kisha nikamletea vidonge kwenye kikombe kidogo juu ya sinia. Alifunga mdomo.

"Onja kwanza."

Kama kuna jambo tulilofundishwa mpaka likatuchosha, ni hili: dawa ya mgonjwa haiingii kinywani mwa muuguzi. Mkaguzi mkuu, mama mmoja mwenye miwani, alishusha kalamu akanitazama. Nikamweleza bibi kwa Kibangubangu, lugha ya kwetu, kwamba hii ni dawa, si sombe, na siruhusiwi kuionja. Akanijibu kwa Kiswahili, ili wodi yote isikie.

"Sombe nilikuona unapika. Hii nani alipika? Mi sikuona."

Niliogopa, sitaficha. Nililiona geti la kijani na baba amesimama mbele yake. Nilimkasirikia bibi, nikamkasirikia na aliyevumbua vidonge. Kisha maneno yake yakaniingia. Hakuwa amekataa dawa. Alikuwa amekataa kitu kilichopikwa mahali asipopaona.

Nikavirudisha vile vidonge mezani. Nikaleta pakiti ambayo haijafunguliwa, nikampa aishike mwenyewe, na yeye mwenyewe akavitoboa kwa kidole gumba vikaangukia kwenye kikombe. Nikamimina maji kutoka birika moja kwenye vikombe viwili, mbele ya macho yake. Changu nikakinywa chote. Alinitazama kwa muda, kama kawaida yake, aone kama nitaanguka. Sikuanguka, naye akameza.

"Nani alikufundisha kunywa maji ya mgonjwa?" aliuliza mkaguzi.

"Ni yeye, madamu," nikasema, nikimwonyesha bibi.

Akaandika kitu, akaenda kitanda kingine. Sikujua aliandika nini mpaka majina ya waliofaulu yalipobandikwa ukutani na langu likawemo. Nilikwenda uwanjani nikakaa karibu na mafiga, nikapumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Jioni ile nilipika wali mwingi kuliko kawaida. Bibi akaisukuma sahani, nikaonja huku nacheka.

Sasa nafanya kazi katika kituo cha afya Kabambare. Bibi alinitangulia kurudi, akasimulia sokoni habari za mpishi aliyegeuka muuguzi, na hadithi ikamfikia baba kabla yangu. Niliporudi alinipokea vizuri, tukala pamoja, akazungumza habari za mvua na mpunga. La shule hakuligusa, nami sikuligusa, nikalizoea kama mwiba mdogo ambao hautoki.

Msimu wa mvua uliopita alikuja kituoni na malaria. Nikamlaza, nikamletea vidonge, akafunga mdomo. Nilidhani homa imemzidi.

"Onja kwanza, mama," alisema, na macho yake yakacheka.

Nikamletea pakiti, akatoboa. Nikamimina maji kwenye vikombe viwili, nikanywa changu, akameza. Akajilaza.

"Ule muchele," akasema. "Ulizani weye peke yako ungemaliza gunia?"

"Ulijua ninapikia wagonjwa?"

"Mutu wa pikipiki aliniambia tangu mwanzo. Nikasema, kama mutoto amekataa geti, basi asikose muchele."

Miaka yote ile nilipika mchele wake nikidhani ananisimanga. Nilimfunika shuka vizuri, nikachukua vikombe nikaenda kuviosha nje, kwa sababu muuguzi hatakiwi kulia mbele ya mgonjwa.