Difu Iliyofungwa

Baada ya kiharusi, kaka yangu alibakiwa na maneno matatu: "hiyo", "hapana" na "funga". Hilo la tatu ndilo lililofanya kazi nyingi. Funga pazia, funga kifungo cha shati, funga mdomo wako dada, nimechoka. Nilikuwa najua anataka ipi kwa kumtazama macho, au nilijidanganya kwamba najua.

Yeye ndiye aliyenileta Johannesburg kutoka Tanga. Na yeye ndiye aliyenunua lile gari jekundu la V8, zee, la milango miwili, linalokunywa mafuta bila haya. Jumapili alilipeleka uwanjani kuspin, kulizungusha papo hapo mpaka moshi wa matairi unaficha watu, vijana wakimpigia miluzi. Siku moja ekseli ya nyuma ikakatika huko huko. Gari likaja kwa kuvutwa, likafunikwa turubai uani kwetu Bertrams. Kabla hajalishughulikia, akaanguka bafuni.

Familia ikaamua arudi Tanga kwa wanawe, mume wangu amsindikize kwenye ndege. Nilipotaja teksi ya kutupeleka uwanja wa ndege, kaka akasema, "Hapana." Akanyoosha mkono wa kushoto, uliobaki mzima, akaonyesha turubai nje ya dirisha. "Hiyo."

Mtu amepoteza nusu ya mwili, anaomba kitu kimoja tu, aondoke mji huu ndani ya gari lake. Utamwambia nini? Nilikasirika, nikaenda kulia jikoni, kisha nikaanza kutafuta ekseli.

Ekseli mpya ya kuhimili injini ile haishikiki kwa mshona mabuibui. Nikaipata ya pikapu, pamoja na difu yake, lile tumbo la giya la katikati, kwenye yadi ya vyuma chakavu, nene kuliko ile iliyokatika, ila haikuzaliwa na gari letu. Ilibidi vikalio vya springi vikatwe na kuchomelewa upya, na propela, ile shafti ndefu inayotoka kwenye giyaboksi, ipunguzwe. Jirani akanielekeza kwa mchomeleaji mmoja wa Bukavu, mpole, kazi yake safi, bei yake ya kibinadamu. Nami nikamwagiza kwa maneno niliyoyasikia kwa mafundi wa Tanga tangu nina akili. Kwetu fundi anafunga injini, anafunga giya, yaani anaipachika mahali pake.

"Fundi, nifungie difu hiyo. Ifunge vizuri kabisa, isicheze."

Akalitazama gari, akalitambua. Nani Bertrams hakulijua? Akatabasamu.

"Nimesikia, mama. Pont itakuwa solide," yaani ekseli itakuwa imara.

Alilirudisha uani siku moja kabla ya safari, mimi nikiwa dukani Fordsburg. Jioni nilichungulia chini, nikaona chuma kimekaa sawasawa kimepakwa rangi nyeusi, nikamwombea dua.

Asubuhi tulimkalisha kaka kiti cha mbele, mume wangu nyuma na masanduku. Tulipanga tupitie Fordsburg kwanza awaage wenzake wa msikitini, ndipo tugeuze kwenda kupanda ndege. Injini ilipowaka, kaka alifumba macho, na mimi nikajiona dada wa maana duniani.

Kona ya kwanza, matairi ya nyuma yakalia na gari likaruka kidogo kama mbuzi anayekataa kamba. Kaka akafumbua macho.

"Funga."

Nikapandisha kioo chake. Kona ya pili, kilio kile kile, na usukani ukawa mzito.

"Funga!"

"Kioo nimefunga, kaka. Mlango nao umefungwa. Unataka nifunge nini tena?"

Akapiga dashibodi kwa kiganja, uso umemwiva, mate yanamtoka. "Funga! Funga!" Mume wangu akasema labda ana baridi, akamwekea koti mabegani. Kaka akalitupa chini. Sijawahi kuona mtu akiwa peke yake namna ile katikati ya watu wake.

Newtown, robot, yaani taa za barabarani, ikawa kijani. Nikakata kulia, gari likagoma kugeuka, nikakanyaga mafuta. Kukasikika mlio mmoja mkavu. Gurudumu la nyuma likachomoka na kipande cha shafti, gari likakaa upande katikati ya njia panda, na honi za mji mzima zikatugeukia.

Nikampigia fundi, nikamwaga yote niliyokuwa nayo kifuani. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Eish, mama. Si ulisema nifunge, isicheze? Nilifunga. Batu bote ba kuspin banafungaka ivo. Haiwezi kufunguka tena."

Ndani ya difu kuna giya ndogo zinazoliacha gurudumu la nje lizunguke zaidi ya la ndani gari linapokata kona. Wanaospin huzichomelea zishikane, ili magurudumu yote mawili yaende pamoja na gari liteleze. Hiyo ndiyo kufunga difu. Kaka alilijua tangu kona ya kwanza. Alinieleza kwa neno sahihi kabisa, na mimi nikawa napandisha vioo.

Mume wangu akaita gari la kukodi. Fordsburg ikafutwa, ndege haisubiri. Tulimhamisha kaka kwa kumbeba, naye hakulitazama gari lake. Mimi ilibidi nibaki na lile rundo la chuma barabarani. Nilimbusu kipaji cha uso, nikafunga mlango. Dereva akatia giya.

Ndipo kaka akageuka, mdomo ukapinda, ukatafuta, na kikatoka kitu ambacho hakuwa amekisema tangu augue.

"Fu... fungua."

Mume wangu hakusikia. Mimi nilisikia kupitia kioo kilichoachwa wazi kidogo, nikamjibu kwa sauti juu ya honi, "Nitaifungua, kaka! Nitaifungua!" Gari likaondoka.

Nimetimiza. Yule fundi alilitoa lile tumbo la difu lililoungana, akaweka jingine, hakunitoza kitu, na leo gari linakata kona kimya. Kila anayeniuliza namwambia kaka aliniagiza difu. Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye kitasa cha mlango. Difu nimeifungua. Mlango ule sikuufungua.