Jina Langu Lina Shahada ya Hisabati, Mimi Naanika Katani

Admin, unifichie jina. Wengine wanakuomba hivyo kwa kuogopa aibu, mimi jina lenyewe ndilo kisa. Shikamooni wakubwa, na rika langu habari zenu.

Nina miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Kwaluguru, Handeni. Nafanya kibarua kwenye shamba la mkonge upande wa Mnyuzi, huu mwaka wa kumi na moja. Kazi yangu ni kuanika katani ikitoka mashineni, bado mbichi, inawasha mikono mpaka kwenye viwiko. Nyumbani naenda mara moja kwa mwaka. Nina mtoto mmoja wa miaka mitano, analelewa na mama yangu huko. Elimu yangu ni darasa la saba. Nilifaulu. Naomba mlikumbuke hilo, maana kwetu wote wamelisahau.

Mimi na mdogo wangu wa kike tumepishana mwaka mmoja na tulisoma darasa moja. Mimi nilikuwa naongoza hesabu. Yeye hesabu ilikuwa inamliza, kweli kabisa, analia na daftari mapajani. Matokeo yalipotoka mimi nikachaguliwa kwenda sekondari, yeye akafeli. Mwezi uleule baba akavunjika mguu, gogo lilimwangukia akisafisha shamba. Akaniita. "Wewe una nguvu, nenda kwa shangazi yako Mnyuzi ukafanye kazi mwaka mmoja. Nafasi yako haiendi popote." Nikaenda.

Niliporudi mwezi wa sita kuwasalimu nikakuta madaftari mapya kitandani. Yameandikwa jina langu, la baba na la babu, kwa mwandiko wa mdogo wangu. Kumbe baba alizungumza na watu wa shule, mtoto akaingia kidato cha kwanza kwa jina langu. Nikamuuliza mama, "Na mimi mwakani nitaingia kwa jina la nani?" Mama hakuacha kupepeta mahindi. "Mmetoka tumbo moja," akasema, "jina nalo mtagombania?"

Sasa nisiwadanganye, yule mtoto alisoma. Likizo ileile alikuwa hajui hata kugawanya desimali. Mimi ndiye niliyemfundisha kwa mkaa kwenye sakafu ya jikoni, kwa hasira, akikosea nampiga kofi. Alikuwa anaogopa walimu watamgundua kwamba si yule aliyefaulu, kwa hiyo aliishika hesabu kuliko masomo yote. Alipofika kidato cha tatu akaanza kuniandikia vitu nisivyovijua. Nikamwambia, "Hapa umenizidi, endelea mwenyewe." Akaendelea. Kidato cha sita alisoma fizikia, kemia na hesabu, akafaulu, chuo kikuu akachukua hisabati. Mwaka wa kwanza somo moja lilimwangusha akarudia mtihani. Akanipigia simu analia kama zamani. "Dada, hesabu ya huku karibu haina namba. Ni kuthibitisha tu. Unakaa wiki nzima unathibitisha kitu ambacho kila mtu anakiona ni kweli."

Siku ya mahafali nilikwenda na mama. Walipotaja jina langu nikasimama. Sikukusudia, miguu ilisimama yenyewe. Mama akanivuta gauni, "Kaa chini, unawaziba watu." Mdogo wangu akapita mbele na joho lake, mama akapiga vigelegele. Na mimi nikapiga.

Mwaka huu shambani wakatutangazia kwamba asiye na kitambulisho cha taifa hapati mkataba. Nikaenda Korogwe kujiandikisha. Kijana wa pale akabonyeza kompyuta, akaniangalia, akaangalia tena kompyuta. "Dada, mtu huyu tayari yupo. Majina yote matatu, wazazi, kijiji, tarehe ya kuzaliwa. Na picha si yako." Nikasema labda mmekosea. Akasema, "Basi leta uthibitisho kwamba wewe ndiye." Nikatoka bila kuaga, mtandio nikauacha kwenye kiti.

Nikampigia mdogo wangu, kesho yake akaja. Tangu amalize chuo anajitolea kufundisha sekondari moja huko Handeni, hesabu ya vidato vyote vinne ni yeye peke yake. Sasa ajira imetoka, amepangiwa kituo, anatakiwa aripoti vyeti vikahakikiwe. Akanipigia magoti palepale tunapoanikia, wenzangu wote wanatazama.

"Dada, chukua jina langu. Lipo tu, halina mtu. Twende kwa wakili uape kwamba ndilo lako."

"Jina lako limefeli darasa la saba," nikamwambia.

Akacheka, na mimi nikacheka. Halafu tukalia wote.

Alipoondoka, mwenzangu mmoja akanisuta, "Endelea kumlinda mwalimu wako. Yeye amekulindia nini?" Nikaendelea kuanika. Lakini nikienda kusema ukweli, ajira inaondoka, shahada inaondoka, na pengine anafungwa. Ile hisabati aliisoma yeye, mimi niliishia kwenye desimali. Nikikubali nako, cheti cha kuzaliwa cha mwanangu kina jina langu, kwa hiyo kwenye karatasi mama yake atakuwa mwalimu wa hesabu. Mimi nitakuwa mama mdogo wa mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Baba alishafariki, siwezi kumuuliza. Mama anasema nisiharibu kilichokwisha kujengeka. Mkataba mwisho wake ni mwezi huu, nisipokuwa na kitambulisho naondolewa, na sijui kazi nyingine.

Jumatatu mdogo wangu anarudi na karatasi ya kiapo. Naomba msimtukane, nilimfundisha mimi. Niambieni tu nifanyeje. Na kama mtasema nisaini, basi mniambie na hili: pale chini niandike jina gani?