Nyumba ya Baba kwenye Karatasi ya Sukari

Harufu ya sukari iliyofungwa kwenye karatasi hunirudisha Nachingwea, tena hunirudisha pabaya.

Ilikuwa miaka ile ya mashamba makubwa ya karanga: matrekta yananguruma, visiki vinaungua, maduka yamejaa mabaki ya vita. Mhindi wa dukani kwetu alinunua mzigo mzima wa ramani za jeshi, akawa anazikata kufungia sukari. Siku moja mama aliona kwenye kifurushi mistari ya mitaa, mto, na nyumba ndogo nyeusi zenye namba.

"Mji gani huu?"

"Huko Mashariki, mama, walikopigana askari," Mhindi akamjibu.

Basi! Mama akaomba karatasi nzima.

Baba yangu alikuwa askari wa keya, jeshi la Mwingereza. Alikwenda Burma kupigana na Mjapani, asirudi. Barua ya serikali ilisema tu hajulikani alipo. Mjomba alikuwa akija kutoka Ruangwa kumsihi mama akae eda, naye anamfukuza: "Nikae eda ya mtu anayekuja?"

Sasa akapata pa kumweka. Kila jioni alitandaza ramani mkekani, tukamchagulia baba nyumba karibu na mto, maana kuteka maji mbali kulimchosha. Tulimhamisha mara mbili kwa ajili ya majirani tuliowaona wabaya. Tulicheka sana, jamani.

Mimi na kimbelembele changu! Nilikuwa darasa la nne, wa kwanza kwa jiografia. Jioni moja nikakunjua pindo la juu, ambalo mama alilikunja ili ramani ienee mkekani, nikasoma kwa sauti: "China. Mama, hapa si Burma! Baba hakufika huku." Nikangoja nisifiwe.

"Una hakika?"

"Wallahi. Mwalimu katufundisha."

Akaikunja ramani taratibu, akainyoosha kwa kiganja kama kanga ya kwendea harusini. "Mjomba wako akija," akasema, "mwambie aite watu wasome hitima." Wiki ile ile akaingia eda.

Hakunigombeza hata siku moja. Miaka mingi nilijiona nimemsaidia. Ni siku nilipofiwa na mume wangu, watu wakinizunguka kitandani wakitafuta maneno ya kuniambia, ndipo nilipolia kilio cha mama. Serikali haikuthubutu kumwambia kuwa mumewe amekufa. Mjomba alijaribu, akashindwa. Nilimwambia mimi, mwanawe, huku nangoja kusifiwa.