Kwenda Mwakirunge kwa Ajili ya Kadi ya Mchele

Nilikwenda Mwakirunge kwa ajili ya mchele. Nawaambia mapema msije mkadhani nilikuwa mtu wa kutafuta mambo makubwa. Ilikuwa miaka ya vita, chakula kikitolewa kwa kadi, na kadi zikitolewa kwa kabila: aliyeandikwa Mwarabu alipata mchele, aliyeandikwa Mwafrika alipata unga wa mahindi. Mamangu alikuwa kitandani mwezi wa pili, tumbo limemkataa, na daktari alisema apewe uji wa mchele. Kadi yetu ilikuwa ya unga. Kila nikimpelekea uji wa mahindi, mama aligeukia ukutani.

Kubadilishiwa kadi kulitaka barua ya nasaba yenye sahihi ya mtu mashuhuri. Mashuhuri niliyemjua mimi ni Bwana Seif, aliyekuwa akigombea kiti cha baraza, nami ndiye niliyemwandikia hotuba zake. Bwana Seif hakuwa mtu wa matusi. Hakumtaja mtu kabila lake hata siku moja. Alisema tu, "Sisi watu wa mchele tuna desturi zetu, na wenzetu wa unga, Mungu awazidishie, wana zao," na kila aliyekuwapo akajua nani kaambiwa akae wapi. Maneno hayo niliyatunga mimi, mla unga, na siku hiyo nilijiona hodari.

"Barua yako hii hapa, Athmani, yangoja sahihi tu," aliniambia. "Upande wa mama nimeandika 'wa mjini', sikuchimba zaidi. Lakini kwanza niendee Mwakirunge."

Hapo akashusha sauti. Kule Mwakirunge kulikuwa na pango la mzimu, ambalo kwenye mikutano aliliita ushenzi uliotuchelewesha. Sasa alinipa chupa mbili za marashi, kitambaa cheupe, jogoo, na karatasi ndefu ya nasaba yake, baba kwa baba, mpaka ng'ambo ya bahari. Nikamwombee kiti. Na kwa kuwa njia ni hiyo hiyo, nipite Mishomoroni niwasomee watu hotuba.

Saa moja asubuhi nilikuwa kwenye daraja la Nyali, lile la kuelea. Askari akanisimamisha.

"Jogoo huyo wampeleka wapi?"

"Arusini."

Akamtazama jogoo, akanitazama mimi. "Leo waenda arusini ni wengi," akasema, akanipisha.

Kisauni niliipita kwa haraka, jua likianza kuwaka na jogoo akinidonoa kwapani. Saa nne nikafika Mishomoroni, kwa Mzee Kombo, mwenyeji wa Bwana Seif, aliyekwisha kuwakusanya wanaume kumi na watano barazani pake. Walikuwa wakila sima kwa kunde. Nilinawa, nikala nao, kisha nikainuka kuwasomea jinsi sisi watu wa mchele tulivyohitaji mtu wa kutusemea. Walipiga makofi huku vidole vyao vimeganda unga. Kila mmoja aliona yeye ndiye asemwaye, na jirani yake ndiye wa unga.

"Maneno matamu, wallahi!" alisema Mzee Kombo. "Huyu bwana atujua sisi."

Mkewe akajibu kutoka uani, "Mchele twaula lini, baba Fatuma?"

"Nyamaza wewe, haya ni mambo ya siasa."

Niliikunja hotuba nikaaga. Nasema kweli, yule mama alinichoma kidogo, lakini haya haimpikii mgonjwa uji.

Ilipokaribia saa saba nilifika Mwakirunge. Niliwapita wachonga mawe, weupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi nyayo, wakanionyesha njia kwa kidevu bila kuniuliza neno. Pango lilikuwa chini ya jabali la matumbawe, limefungwa vitambaa mdomoni. Halikuwa na kitabu wala minara wala kengele, wala hapakuwa na wa kukuuliza Ijumaa iliyopita ulikuwa wapi. Lilikuwa na foleni. Mbele yangu alisimama mwalimu wa dini wa misheni, kuku kamficha ndani ya mwavuli, aliyeniambia amekuja kutazama mipaka ya shamba. Mbele yake alikuwa Shee Mbwana, mpiga debe wa mpinzani wa Bwana Seif. Yeye alisema atafuta mawe ya kujengea. Jogoo wake alikuwa mkubwa kuliko wangu.

Mtunzaji wa pango alikuwa Hawe Mbeyu, yaani Nyanya Mbeyu kwa lugha yao, bibi wa Kigiriama mwembamba, mwenye mkono mmoja kiunoni kama mtu anayesubiri maji yachemke. Nilimwamkia, "Shikamoo, Hawe," akaitika marahaba. Nikamkabidhi vitu, kisha nikaikunjua ile karatasi na kuanza kusoma, fulani bin fulani bin fulani. Nilikuwa sijafika mbali aliponikatiza.

"Hao wote ni kina baba. Hapa aombewaye hutajwa kwa mamake na mama wa mamake, kwa sauti, walioko wasikie. Huyu bwana wako mamake ni nani?"

Niliitafuta karatasi juu na chini. Majina ishirini na moja, mwanamke hata mmoja hamna.

"Simjui, Hawe."

"Basi huyo haombewi hapa. Wewe je? Una mama?"

Shee Mbwana hakuwa amekwenda popote. Mawe yake yalikuwa yamemnogea papo hapo. Nilijua nikilitaja jina la kweli, la Kigiriama, litafika mjini kabla yangu, na barua imekwisha. Nikafungua kinywa nitunge jina zuri la kimjini, lenye bint mbili na sharifu mmoja. Kazi yangu ni kutunga, nisingeshindwa. Lakini nilimwona mama alivyogeukia ukuta, nikaona haya, haya ya kweli, mbele ya pango lisilo hata na mlango.

"Mamangu ni Mwanaisha," nikasema. "Mamake ni Mbodze wa Mwakirunge."

"Sema wasikie."

"Mbodze! Wa Mwakirunge!"

Wachonga mawe wakaacha kugonga. Hawe Mbeyu akamwaga marashi ya Bwana Seif, chupa zote mbili, akamwombea Mwanaisha binti wa Mbodze afya na tumbo lake. Kitambaa cheupe cha mgombea akakifunga kwa jina la mamangu. Mwalimu wa misheni akaitikia amina, kisha akakumbuka aliko, akakohoa.

Alasiri nilirudi njia ile ile, mikono mitupu. Shee Mbwana alikuwa na baiskeli. Nilipofika kwa Bwana Seif, kabla ya magharibi, barua yangu ilikuwa mkononi mwake na kalamu imefungwa.

"Hukuweza kunitajia mama yeyote wa heshima?" akaniuliza.

"Nitajie wako, bwana, na mama wa mamako. Kesho alfajiri narudi."

Akatazama mlangoni, akatazama dirishani. Mtu aliyeweza kuhesabu mababu hadi ng'ambo hakuweza kumtaja nyanya mmoja. Akaitia barua mfukoni mwa kanzu, akasema hotuba nyingine ataandika mwenyewe.

Kama kuna nililojifunza katika safari ile, sikujifunza pangoni wala kwa Bwana Seif. Nilifika nyumbani, nikaketi kitandani kwa mamangu, nikamwambia yote, na kwamba mchele hautakuja.

Akaniuliza, "Umemtaja mamangu?"

"Nimemtaja."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu, mama. Kwa sauti."

Katika nyumba ile jina hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa ila kwa kunong'ona, mlango ukiwa umefungwa. Mama alijiinua polepole, akaugeuzia ukuta mgongo, akauegemea.

"Basi nipa huo uji wa unga," akasema. "Usiujaze maji."